Nyanya Thelathini wa Kinuthia

Kinuthia hufungua duka lake saa mbili kasoro robo akiwa amefunga tai. Hapa Chaka hakuna mwanamume mwingine anayefunga tai siku ya soko, ila mhubiri, lakini Kinuthia lazima aifunge kwa sababu yeye ni mwalimu. Usiniulize ni mwalimu wa shule gani. Chuo cha ualimu kilimrudisha nyumbani mwaka wa pili, baada ya kugunduliwa kwamba maandalio ya masomo aliyompelekea mkaguzi aliyanakili yote kwa mwenzake, na hata jina la mwenzake akasahau kulifuta. Mtu mwingine angeona haya, akarudi kulima viazi kimyakimya. Yeye alirudi na kompyuta mbili, printa moja na hiyo tai, akapaka ukutani maneno "Saiba ya Elimu", na leo hii ndiye anayefanya kazi ya nyumbani ya nusu ya watoto wa mji huu.

Mimi nashona sare za shule mkabala naye, ng'ambo ya kile kijia kinachoshuka sokoni. Cherehani yangu imetazama mlango wake kwa miaka tisa. Najua ni mzazi yupi anaingia, anatoka na nini, na anasema uongo gani akiulizwa. Kwa hiyo nikimsimulia Kinuthia sisimulii umbea, nasimulia nilichokiona.

Mambo huenda hivi. Saa kumi na moja jioni mwalimu anatuma kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Leteni picha ya mnyama anayefugwa nyumbani. Leteni mchoro wa mmea wa kiazi. Mzazi hata haisomi. Anaitupa moja kwa moja kwa Kinuthia, kisha anampa mtoto simu ile ile atazame watu wakicheza densi, ili anyamaze. Asubuhi mtoto anapitia kwa Kinuthia kuchukua elimu yake ikiwa bado na joto la printa. Nimemwona kwa macho yangu mtoto wa mfugaji akiruka kinyesi cha ng'ombe wa babake pale mlangoni, ili akachukue picha ya ng'ombe. Tena ng'ombe wa Ulaya, amesimama kwenye nyasi ambazo Kieni hii yetu haijawahi kuziotesha. Viazi navyo vinapita hapa kwa magunia, lori baada ya lori, na mtoto wa mkulima anachapiwa kiazi cha rangi ili ajue kinavyoonekana.

Shuleni kwenyewe kuna vishikwambi ishirini. Vimefungiwa kwenye kabati la chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, na hutolewa wageni wakija. Watoto hupangwa wawili wawili, wanashika kishikwambi kilichozima, wanatabasamu, wanapigwa picha, kisha vinarudi kabatini. Picha hiyo inatumwa kwenye lile kundi la wazazi na wazazi wanapiga makofi ya vidole. Aibu haiui, ingekuwa inaua tungekuwa tumezikana zamani.

Na nisijitoe. Nyani haoni kundule, ila mimi langu naliona. Mwanangu Kim yuko Gredi ya Tano, na kazi zake nyingi zimetoka kwa Kinuthia. Nilijiambia nina vipimo vya sketi sitini vinaningoja. Kila mzazi ana sketi zake sitini.

Kinuthia ana kazi nyingine inayompa heshima zaidi, nayo ni kuchapa programu za mazishi. Mtu akifa kuanzia Chaka mpaka Naro Moru, familia inamjia na picha na tarehe mbili, na yeye anatunga wasifu wa marehemu. Anatunga, nasema, lakini hatungi chochote. Ana wasifu mmoja ndani ya ile mashine. Kila marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Nimezika walevi waliopiga wake zao mpaka wakawavunja meno, nao kwenye karatasi ya Kinuthia walikuwa wacheshi, wakarimu na wacha Mungu.

Huyu bwana ana mama. Anaishi katika boma hilo hilo la Kinuthia nje kidogo ya mji, nyumba yake ya mbao ikitazamana na ile ya mawe ya mwanawe. Sisi humwita Mama Kinuthia, ingawa jina lake ni Wakiuru. Na Wakiuru ndilo jina la binti wa Kinuthia, mtoto wa miaka kumi anayesoma darasa moja na Kim wangu. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa babake, na huhesabiwa kuwa ni bibi huyo amezaliwa tena. Ndiyo maana Kinuthia humwita mtoto huyo "mami", vile vile anavyomwita mamake. Humwita hivyo mbele ya watu kwa sauti kubwa, apate kusifiwa kuwa anashika mila.

Muhula uliopita mwalimu wao wa Kiswahili, Mutahi, alituma kazi moja ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na maana. Kila mtoto amuulize nyanya au babu yake kazi aliyoifanyia jamii alipokuwa kijana. Aandike majibu, ayasome mbele ya darasa siku ya Ijumaa, na wazee wenyewe wamealikwa kuja kusikiliza.

Jumanne Mama Kinuthia alikuja kwangu na rinda lake la kanisani.

"Tabby, hii rinda iko na shimo hapa kwa kwapa. Nishonee. Ijumaa naenda shule."

"Unaenda kusoma, mami?" nilimtania.

"Naenda kusomewa," akasema, akacheka mpaka nikaona ufizi. "Wakiuru ameniambia mwenyewe, ati mwalimu anataka aniulize ile kazi nilifanya. Miaka yote hakuna mtu ameuliza. Kinuthia hajawahi. Sasa nimeulizwa na jina yangu."

Nilipokuwa nashona kwapa lile aliketi kwenye kiti cha wateja akanionjesha kidogo tu. Alikuwa ameshika fimbo ambayo nilikuwa nikiiona miaka yote imeegemeza dirisha la jikoni kwake, fimbo ya mti mgumu, imekatwa alama kwa kisu. Nikamuuliza ni ya nini.

"Ni ya mtaro. Wewe unafungua mfereji unaona maji, unafikiria ilikuja peke yake? Tulikuwa wamama kumi na saba. Bomba ilikuwa itoke kule juu kwa msitu mpaka hapa, na wanaume walikuwa wamesema mawe ni mingi, haiwezekani. Kila asubuhi unapimiwa na hii fimbo, mara kumi, unachimba mpaka kiuno. Kinuthia nilikuwa nimembeba hapa mgongoni. Akilia, nampea titi ndani ya shimo, halafu naendelea." Akaipapasa ile fimbo. "Hao wengine wote wameenda. Nimebaki mimi. Kuna mahali kwa huo mtaro tulizika kitu, na kuna wimbo, na kuna maneno tuliapa. Hizo ni za Wakiuru. Nataka azipate kwa mdomo yangu kabla sijaenda na mimi."

Nilisimamisha cherehani. Kina mama wa Kieni ninaowajua hawaongei hivyo, wao huongea bei ya viazi.

Jumanne jioni alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, fimbo magotini, akingoja aulizwe. Jumatano vile vile. Mtoto alikuwa akitoka shule na kupita hadi nyumba ya mawe. Alhamisi asubuhi Mama Kinuthia alipita kwangu kuchukua rinda akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, kama Kim ameshamuuliza nyanya yake. Niliona machoni pake kwamba ameanza kuhofia. Nikavuka kijia kwenda kwa Kinuthia.

"Kinuthia, mama yako anangojea mtoto. Siku mbili amekaa nje."

Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Ya nini?"

"Ile kazi ya shule."

"Aa, hiyo nilimaliza zamani. Darasa karibu yote, watoto thelathini." Hapo akageuka, maana kulikuwa na jambo la kujisifia. "Unajua inafanywa aje? Unaandika ya mtu mmoja tu, halafu unaambia mashine ibadilishe jina. Dakika moja. Hata Kim iko tayari."

"Lakini mama yako ana maneno ya kumwambia Wakiuru."

"Tabby, wewe unajua wazee. Mami ataanza mambo ya mawe na mitaro, achanganye mtoto. Mwalimu anataka kitu iko na paragrafu." Akanipa karatasi ya Kim, imewekwa ndani ya plastiki, ina picha ya nyanya fulani juu.

Nami niliyevuka kijia kwenda kumkemea, niliichukua. Sikuisoma. Jioni niliiweka kwenye mkoba wa Kim pamoja na chapati, nikarudi kwa sketi zangu.

Ijumaa tulijaa kwenye darasa hilo, wazazi wamesimama nyuma, wazee kumi na wanne wamekaa mbele kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mama Kinuthia alikuwa katikati na rinda lake, fimbo yake wima kati ya miguu. Aliniita nisimame karibu naye. Kinuthia alikuwa mlangoni na tai mpya, simu juu, akirekodi.

Mtoto wa kwanza, Kabura, alisoma vizuri sana. "Nyanya yangu alizaliwa mwaka wa 1938. Alikuwa mkulima hodari wa mpunga katika mradi wa Mwea. Alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Alifariki mwaka wa 2011 baada ya kuugua kwa muda mfupi. Bwana alitoa na Bwana ametwaa."

"Jina lake lihimidiwe," tukaitikia wote, kama tulivyozoea makaburini. Nyanya wa Kabura ni marehemu kweli, basi hakuna aliyeshtuka, ingawa niliona babake akikunja uso kwa huo mpunga.

Mtoto wa pili akasoma. Nyanya yake alikuwa mkulima hodari wa mpunga huko Mwea, alikuwa mcheshi, alifariki 2011. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. "Jina lake lihimidiwe," tukasema, na nyanya mwenyewe, aliyekaa benchi la mbele akitafuna andazi, akasema pamoja nasi.

Kufikia wa tano minong'ono ilikuwa imeanza. Kufikia wa nane wazee walikuwa wanatazamana. Kieni ni nchi kavu ya viazi na kabeji, mpunga tunauona kwenye gunia tu, na hapo mbele yetu nyanya wote wa Chaka walikuwa wamelima mpunga Mwea na kufa mwaka mmoja kwa ugonjwa mmoja. Nikaelewa. Huyu mjinga hakuandika hata hiyo moja. Alichukua wasifu wa marehemu fulani wa Mwea, aliyemchapia programu siku moja, akabadilisha jina, akaugawa. Picha iliyo juu ya kila karatasi ilikuwa ya maskini huyo wa watu, amefunga kitambaa cheupe, akitutazama.

Na Mwalimu Mutahi? Alikuwa ameketi pembeni akitikisa kichwa kwa ridhaa. Karatasi zote alikuwa ameshazisahihisha tangu asubuhi. Kila marehemu alikuwa ameandikiwa kwa wino mwekundu: Amezidi matarajio.

Kim wangu akasimama. Nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, yuko Mweiga na ng'ombe wake watatu wa maziwa, na asubuhi ile ile alikuwa amenipigia simu kunieleza habari za ndama anayeharisha. Kim akamzika kwa sauti safi. Nilitazama viatu vyangu.

Mtoto mmoja tu hakuua mtu. Nasro, binti wa Abdimajid anayeuza mbuzi sokoni, hakuwa na karatasi. Alitoa simu ya babake, akabonyeza, na sauti ya bibi mzee ikatoka, nzito, ikisema Kisomali. Nyanya yake Rowda alikuwa Nanyuki, miguu inamuuma, kwa hiyo alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Nasro alikuwa akiusimamisha kila baada ya sentensi na kututafsiria: jinsi nyanya alivyoswaga ngamia kwa miguu wakati wa ukame mkubwa, jinsi alivyowanywesha maziwa watoto wasio wake njiani. Wazee wote walikuwa wameinama mbele kusikia. Mama Kinuthia alifumba macho akasema polepole, "Sawa sawa." Mutahi akakatiza katikati, ati muda umeisha na mtoto hakuandika. Akamwekea: Anakaribia matarajio. Nilitamani kumrushia kiatu.

Kisha Wakiuru akaitwa. Alisimama na karatasi yake bila kuitazama. Babake akasogea mbele apate picha nzuri.

"Soma, mami," akamhimiza.

Mtoto akasoma, na sauti ilikuwa ndogo. "Nyanya yangu, Wakiuru, alizaliwa mwaka wa 1938. Alikuwa mkulima hodari wa mpunga." Akafika pale pa kufa, akamtazama nyanyake. Mutahi akagonga meza kwa kalamu. "Soma kilichoandikwa." Akasoma kilichoandikwa. Alisoma mpaka Bwana akatwaa.

Safari hii hakuna aliyeitikia.

Mama Kinuthia aliinuka kwa kuishika ile fimbo. Alienda mbele taratibu, akasimama mbele ya mtoto.

"Nilikufa lini?"

"2011, shosho."

"Na nilikuwa naishi wapi?"

Mtoto akaangalia karatasi. Machozi yalikuwa yameanza. "Mwea."

"Nani ameandika?"

 Wakiuru alitazama tu kule simu ilikokuwa, na darasa zima likageuka kutazama. Kinuthia alikuwa bado anarekodi. Naapa, alikuwa bado anarekodi.

"Wewe ulikuwa ndani ya huo mtaro," Mama Kinuthia akamwambia mwanawe, bila kupaza sauti. "Ulikuwa hapa." Akapiga mgongo wake kwa kiganja. Halafu akamshika mtoto mkono. "Twende nyumbani, jina yangu. Maiti haikai kwa shule."

Wakatoka. Nilidhani sasa mambo yatabadilika. Wazazi walifoka pale uwanjani, wakaapa hawatakanyaga tena kwa Kinuthia, wakafoka hata njiani. Jumatatu asubuhi walikuwa mlangoni pake, wamepanga foleni, kulikuwa na kazi ya sayansi kuhusu udongo. Walikuwa wamekanyaga udongo huo kuja kuchapiwa udongo. Mutahi aliomba kwenye kundi kwamba siku nyingine majina yakaguliwe vizuri. Kinuthia alisema ilikuwa hitilafu ya mashine. Watu wakasema pole.

Wakiuru alikuja kwangu wiki hiyo kupunguziwa sketi. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia babake mapema.

"Nilimwambia, tata," akasema, akiniita shangazi kwa lugha yetu. "Nilimwambia shosho hajakufa."

"Akasemaje?"

"Akasema mwalimu hasomangi mpaka mwisho."

Niliung'ata uzi kwa meno nisitukane mzazi wa mtoto mbele ya mtoto. Lakini nilitaka kutukana, na nataka hata sasa.

Tangu siku ile mtoto hapiti tena moja kwa moja hadi nyumba ya mawe. Akitoka shule anamchukua nyanya yake, wanapanda pole pole kuelekea msituni, yule mkubwa anapima ardhi kwa fimbo na mdogo anahesabu. Nimewaona mara nyingi, nikienda kwa mteja wangu kule juu. Wakati mwingine wamesimama tu mahali, wanaimba kitu. Mtoto hachukui simu wala kalamu. Kim alimuuliza anaambiwa nini, akajibiwa kwamba si yake. Kim alisononeka, kisha Jumamosi akaniomba nauli ya kwenda Mweiga kwa nyanyake. Nilimpa bila kumuuliza anaenda kufanya nini, kwa kuogopa angenijibu.

Jana Kinuthia alivuka kijia. Ni nadra avuke. Sisi ndio huvuka kwenda kwake. Alisimama mbele ya cherehani akiivuta tai.

"Tabby, hawa watu wangu wawili wanaongeanga nini huko juu?"

"Waulize."

"Nimeuliza. Mami ananiangalia tu. Na huyu mdogo ameambiwa asiniambie." Akacheka kidogo, kisha akaacha, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyozaliwa. Karibu nimhurumie. Kumbe nilikuwa naharakisha. "Lakini wewe alikuambia, si ndio? Siku ile ya rinda. Si unipatie hiyo hadithi niichape? Mwaka ujao hawa wa Gredi ya Nne watafika Tano, wataulizwa hiyo kitu tena. Inaweza saidia darasa yote."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono. Nilimtazama, yeye na tai yake, mtoto aliyenyonyeshwa ndani ya shimo ili mji huu upate maji.

"Mwenye hadithi alifariki 2011," nikamwambia. "Angalia kwa mashine yako. Ni wewe ulimzika."